Upande wa Pili wa Mbaraka: shajara ya kukusanya santuri

12 Januari 2025

Leo imetimia miaka 46 tangu mpiga gitaa na mwimbaji Mbaraka Mwinshehe Mwaruka afariki dunia Mombasa baada ya ajali ya gari. Alikuwa na miaka 34. Nimechagua siku hii kufungua daftari, maana kazi yenyewe nimekuwa nikiifanya kwa kudokoadokoa, huku nikinunua santuri moja mara mbili kwa kutokuwa na orodha.

Lengo langu ni hili: kila wimbo ambao Mbaraka amepiga gitaa la solo, akiwa na bendi ya Morogoro Jazz na kisha Super Volcano, niupate mzima. Nasema mzima kwa sababu. Anayemjua Mbaraka kwa redio na simu anamjua kwa sauti na kwa maneno yake. "Shida" inaimbwa hata na vijana ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa alipokufa. Kwangu mimi Mbaraka ni mpiga gitaa kwanza, na gitaa lake kwa sehemu kubwa liko upande wa pili wa santuri. Sahani ndogo, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, hubeba dakika nne au tano kwa upande mmoja. Miaka ya 1970 bendi zikaanza kurefusha nyimbo, kwa hiyo wimbo ukawa unakatwa vipande viwili: upande wa kwanza waimbaji wanamaliza habari yao, sauti inafifishwa, unageuza, na upande wa pili magitaa yanaachiwa. Chemko, pale bendi inapopamba moto, liko huko. Waliohamisha nyimbo hizi kwenye kaseti, halafu CD, halafu simu, mara nyingi walichukua upande wa kwanza wakatosheka.

Sababu ya pili ni ya nyumbani. Baba alikuwa na mluzi wake mmoja. Akinyoa ndevu, akitafuta funguo, akisubiri chai ipoe, ulikuwa huohuo: kipande kifupi kinachopanda, kinasita, kisha kinashuka hatua mbilimbili kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Nikiwa mdogo nilimuuliza ni wimbo gani, akanijibu, "Mbaraka huyo," akaendelea na shughuli zake. Sikumuuliza tena, na sasa hayupo. Nimesikiliza kila cha Mbaraka kilichonifikia na mluzi ule sijaukuta.

19 Januari

Nimefungua kasha la Baba. Ni kasha la mbao la chai, ameandika jina lake kwa rangi nyeupe ubavuni. Santuri 31. Za Mbaraka ni 14, zilizobaki ni Cuban Marimba, Western Jazz, Nuta Jazz, Kilwa Jazz na mbili za OK Jazz ya Franco.

Mpwa wangu alikuwa ananisaidia kuzipanga, akauliza mbona kila bendi ni jazi na hakuna jazi humu. Nilimwambia kwamba kwetu neno lile lilikuja likapata kazi nyingine. Wapigaji wa zamani waliliona kama cheti: bendi yenye magitaa, saksafoni na ngoma za kizungu, inayopiga dansi ukumbini watu wakiwa wamevaa vizuri, hiyo ni jazi. Ndiyo maana kuna Tabora Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, Shirati Jazz kule kwa Wajaluo, na OK Jazz ng'ambo ya ziwa. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Na ukisikiliza Mbaraka anavyoondoka kwenye njia ya wimbo, akazunguka, akarudi kwa wakati wake mwenyewe, utaona neno halikupotea sana.

Nimezipa namba, 1 hadi 14, na hali yake: A kwa inayosikika safi, B kwa yenye mikwaruzo lakini inapigika, C kwa iliyochoka. A ni moja tu. C ni tano. Namba 9 ni C, na upande wake wa pili ndio umechoka kuliko zote. Ukiiweka kwenye mwanga unaona mahali mifereji imegeuka kijivu, kama upana wa kidole kimoja, karibu na katikati. Sehemu nyingine bado ni nyeusi.

Kitu kimoja cha kuwaambia wanaoanza: msisome lebo peke yake. Kwenye ukingo laini kati ya mfereji wa mwisho na lebo kuna namba imechorwa. Hiyo ndiyo inayoonyesha upande huo ulitoka kwenye bamba gani la kiwandani, na inaweza kukuonyesha kama nakala mbili zenye lebo tofauti ni kitu kimoja.

1 Februari

Kusafisha. Nimetumia wiki mbili kujaribu kwa santuri za sokoni zisizo na thamani kabla ya kugusa za Baba.

Njia iliyonikaa: maji ya betri, yale safi ya kuongezea (si asidi, angalia chupa mara mbili), lita moja, na tone moja tu la sabuni ya vyombo. Brashi laini, unafuata mfereji kwa kuzunguka, hukatishi kamwe. Kisha maji matupu. Kisha kitambaa cha kufutia miwani, na kusimamisha sahani kwenye kichanja cha kukaushia vyombo mpaka kesho yake. Lebo naifunika kwa kifuniko cha plastiki nilichokikata duara. Maji ya bomba siyatumii, chumvi yake hubaki ndani ya mfereji na sindano huipiga kama changarawe. Zile sahani nzito za zamani za 78, zinazovunjika kama kigae, hazitakiwi kuguswa na spiriti hata kidogo, huyeyuka. Ninazo mbili, si za Mbaraka, nimezifuta kwa kitambaa kikavu na kuziacha.

Namba 2 imepanda kutoka B hadi A. Uchafu ulikuwa mwingi kuliko uchakavu.

9 Februari

Mdogo wangu anaishi Nairobi, na leo amenipigia picha za santuri sita kutoka kibanda kimoja Soko la Kenyatta. Nimechukua nne. Moja ni namba 9, ileile, na upande wa pili unang'aa.

Wapo wanaoshangaa kwa nini mtu wa Dar anatafuta Mbaraka Nairobi. Hapa kwetu redio ya taifa, Radio Tanzania Dar es Salaam, ndiyo iliyokuwa inarekodi bendi kwa ajili ya matangazo, na kanda zilibaki kwao. Mtu aliyetaka santuri ya kununua na kwenda nayo nyumbani alitegemea kampuni za Nairobi. Huko ndiko kulikokuwa na studio za biashara na kiwanda cha kukandamiza sahani. Bendi ilipanda basi, ikarekodi nyimbo kadhaa kwa siku chache, ikarudi. Santuri za Mbaraka za lebo ya Polydor zilitoka huko, zikauzwa huko kwanza, na zikapendwa huko mno. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa mpaka 1983. Miaka miwili ya mwisho ya uhai wa Mbaraka iko ndani ya kipindi hicho. Zilizochapwa wakati ule hazikuvuka kwa urahisi, na ukiangalia kasha la Baba utaona: Morogoro Jazz anazo kumi na mbili, Super Volcano mbili tu.

Mdogo wangu analalamika kwamba bei zimepanda, wanunuzi kutoka Ulaya wanapita na kuchukua kwa rundo. Kile kibanda walimwuliza kama anajua anachonunua. Akawaambia, "Ni za dada yangu, yeye anazijua kwa masikio." Nimefurahi.

16 Februari

Nimejaribu kupanga nyimbo kwa miaka. Lebo nyingi hazina tarehe, kwa hiyo natumia mambo yanayojulikana kama misumari ya kutundikia. Mbaraka alizaliwa 1944 Mzenga, wilaya ya Kisarawe, akajiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1970 bendi ilikwenda Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka, kuiwakilisha Tanzania. Wimbo "Expo 70" hauwezi kutangulia hapo. Dokta Wilbert Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, aliuawa tarehe 25 Desemba 1971, na wimbo wa kumlilia ni wa baada ya siku hiyo. Mwaka 1973 Mbaraka akaondoka na kuunda Super Volcano, basi jina la bendi kwenye lebo linakugawia orodha mara mbili. Baada ya kifo zilitoka santuri kubwa za mfululizo wa "Ukumbusho". Zile zinasaidia kujua nyimbo zilizopo, lakini kwa tarehe hazinisaidii, maana zimekusanya za nyakati mbalimbali.

Kwa misumari hiyo nimeweza kupanga 9 kati ya 14.

23 Februari

Leo Mama amenifundisha jambo.

Nilikuwa naingiza kaseti moja ya zamani kwenye kompyuta, imeandikwa "Mbaraka mchanganyiko". Mama alikuwa anachambua mchele barazani. Akainua kichwa, akasema, "Hilo gitaa linakimbia. Huyo si yeye, amebanwa pua." Nikamwambia mashine iko sawa. Akarudia, "Linakimbia."

Wimbo huohuo ninao kwenye santuri, namba 5. Nikaupiga. Kwenye santuri una dakika 4 na sekunde 30. Kwenye kaseti umeisha kwa dakika 4 na sekunde 15. Hiyo ni karibu nusu toni kamili juu, na Mama ameisikia akiwa kwenye ungo.

Kinachosababisha, ninavyoelewa sasa, ni betri. Watu walirekodi kwa redio kaseti zenye betri za tochi, na betri zikichoka mota inazunguka polepole, mkanda unapita taratibu. Ukija kuucheza kwa mashine yenye umeme kamili, kila kitu kinaharakishwa. Na huwezi kusahihisha kwa kulinganisha na kifaa cha kutunia, kwa sababu bendi zile zilituni gitaa kwa gitaa, kwa sikio, hazikufuata kipimo cha piano. Rejea ya kweli ni santuri juu ya mashine ambayo mzunguko wake umepimwa. Yangu nimeipima kwa programu ya simu: 45 kamili, baada ya kubadili mkanda wa mpira uliokuwa umelegea.

Nyimbo nyingi za Mbaraka zinazozunguka kwenye simu zimetoka kwenye kaseti za namna hiyo. Vijana wanaojifunza kupiga solo zake wanazitafuta kwenye nyuzi zisizo zake.

2 Machi

Ramadhani imeanza. Usiku tu, saa moja baada ya tarawehe, upande mmoja kwa siku. Inatosha.

15 Machi

Nimeamua kanuni za kuhamisha santuri kwenye kompyuta, naziandika ili nisibadili katikati.

Kila upande unahifadhiwa kama ulivyo, kwa ubora wa juu wa biti 24 na kilohezi 96, bila kusafishwa kwa programu. Upande wa dakika nne na nusu unakula megabaiti 155 hivi, na diski mbili ninazo, moja kwangu na moja kwa mdogo wangu. Kutoka kwenye hiyo natengeneza nakala ya kusikiliza. Pale ambapo wimbo umekatwa vipande viwili, naunganisha kwenye nakala ya kusikiliza pekee. Wakati mwingine fundi wa studio alianza upande wa pili kabla ya pale alipofifisha wa kwanza, kwa hiyo kuna mapigo machache yanayojirudia. Natafuta pigo la besi linalofanana, nalalisha moja juu ya jingine, na wimbo unapita bila mshono. Pale ambapo mapigo hayo hayapo naacha kimya cha sekunde mbili. Sitaki kutunga muziki ambao hawakuupiga.

Programu ya kuondoa mikwaruzo niliipenda siku mbili, kisha nikaiacha. Ule mvumo wa "shhh" unaoondolewa unakaa mahali pamoja na manyanga. Ukiuondoa, manyanga yanakwenda nao, na bila manyanga mwendo wote unalegea, unabaki na magitaa yanayoelea. Afadhali mvumo. Mikwaruzo mikubwa naiondoa mmojammoja kwa mkono.

Jingine: nyingi za miaka hiyo ni mono, mkono wa kushoto na wa kulia unabeba kitu kimoja. Ukiunganisha kushoto na kulia, sehemu ya kelele inafutika yenyewe. Lakini sahani iliyochakaa, kuta mbili za mfereji wake, wa kushoto na wa kulia, haziliwi sawa. Wakati mwingine ukuta mmoja umeliwa na mwingine ni mzima, hapo nachukua ule mzima peke yake na kuutupa mwenzake. Namba 11 imefufuka hivyo.

6 Aprili

Mvua za masika. Ukungu mweupe umetokea kwenye bahasha tatu za karatasi. Nimetupa bahasha zote za zamani isipokuwa zile zenye mwandiko wa Baba, hizo nimezitenga kwenye faili kavu. Santuri zimeingia kwenye bahasha mpya, zimesimama wima, na ndani ya kasha nimeweka vile vifuko vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Sijapoteza hata moja.

Santuri nne za Nairobi zimefika kwa mkono wa mtu wa basi. Tundu la namba 9 mpya limepanuka na sahani inazunguka kwa kuyumba, sauti inapanda na kushuka kila baada ya sekunde moja na theluthi, yaani kila mzunguko. Nimeisogeza kwa kucha hadi sindano ikaacha kucheza pembeni. Kazi ya nusu saa kwa upande mmoja.

Nimeuhamisha upande wa pili. Mzuri mno, karibu kama mpya. Nimeusikiliza mara tatu nikimfuata Mbaraka peke yake. Mluzi wa Baba haumo. Nilikuwa na matumaini na huu, kwa sababu ya ile kijivu.

26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Nimekwenda Morogoro kwa treni ya umeme, chini ya saa mbili, Uluguru imejifunika mawingu mpaka kiunoni. Mji kasoro bahari, ndivyo wenyewe wanavyouita, na siku kama leo hata bahari huikumbuki.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja wa mtaa wa Mwembesongo aliyekuwa fundi redio, na usiku alikuwa akisaidia bendi za mjini kubeba na kufunga vyombo. Nilimkuta kwenye kiti cha kamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Karibu, vuta kigoda. Wewe ndiye wa santuri?"

Tulikaa saa nne. Amenieleza Morogoro ilivyokuwa na bendi mbili kubwa zilizogawa mji, Morogoro Jazz na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na kwamba Salum alipokufa kwa ajali mwaka 1965 watu walidhani Cuban imekwisha, kumbe Juma Kilaza akaishika na ushindani ukaendelea. Amenieleza kwamba upande wako ulijulikana kwa ukumbi unaoingia Jumamosi, na kwamba nyumba nyingine mume alikuwa huku, mke kule. Alipofika kwenye vyombo ndipo alipochangamka hasa. Kilichokuwa kinauma ni amplifaya. Ilikuwa kazi yake kuhakikisha gitaa la Mbaraka halimezi wenzake. "Yeye mwenyewe ndiye alikuwa anakataa," alisema. "Anakuambia punguza langu, hao wasikike."

Nikamchezea upande wa pili wa namba 9 kwa spika ndogo niliyokuwa nayo. Alifumba macho. Halafu akainua vidole vinne na kuanza kuvihesabu. Solo. Solo ya pili. Ridhimu. Besi.

"Wewe unamsikiliza nani hapo?" akaniuliza.

"Mbaraka."

"Ndiyo maana hufiki popote. Mbaraka anauliza. Anayejibu ni wa pili. Sikiliza nyuma yake."

Kwenye spika ile sikuweza kutofautisha. Nimempa ahadi ya kurudi na spika ya maana. Amenipa kaseti tatu alizorekodi redioni, amekataa fedha, akapokea sukari.

27 Aprili

Nimefika jana usiku, nikashindwa kulala kabla ya kujaribu.

Nimefungua faili ghafi ya namba 9, ile isiyosafishwa, nikavaa vipokea sauti vya masikioni. Mara ya kwanza nilimfuata Mbaraka kwa mazoea. Anatoa swali lake, fupi, linakatika juu. Nikajizuia kumfuata, nikabaki palepale alipoacha, na chini yake, kwa sauti ndogo, kavu, karibu ndani ya manyanga, kuna gitaa jingine. Linapanda kidogo, linasita, linashuka hatua mbilimbili.

Ni mluzi wa Baba.

Nilirudisha pengine mara ishirini. Linajirudia mara sita kwenye upande ule, na kila mara Mbaraka analiachia nafasi, halipigi juu. Ndani ya nakala ya kusikiliza niliyokuwa nimeitengeneza kabla ya zile kanuni za Machi, ile niliyoipitisha kwenye programu, gitaa hilo halipo kabisa. Limechukuliwa pamoja na mvumo. Kwenye faili za simu halipo. Kwenye nakala ya Baba lipo, lakini hapo ndipo sindano ilipokula: kile kijivu cha upana wa kidole kinaanza pale jibu linapoanza kusikika, na kinaishia pale linapokoma. Aliirudisha sindano mahali palepale miaka nenda miaka rudi mpaka akapafuta.

Asubuhi nilimpigia Mama upande ule. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniomba nirudie. "Baba yako alikuwa anaikosea," alisema. "Pale inaposita, yeye alikuwa anasita mara mbili." Kisha akasema kwamba hakuwahi kujua kama ni gitaa la nani, ila alijua si la Mbaraka, maana Baba alikuwa na rafiki yake kwenye magitaa ya nyuma, walisoma pamoja, na kila bendi ilipopanda jukwaani Baba alikuwa anasimama upande wa yule, si mbele katikati.

Jina lake amelisahau. Kwenye lebo kuna jina la bendi, jina la wimbo na jina la mtunzi. Wapigaji hawakuandikwa.

11 Mei

Nimeongeza safu nne kwenye orodha: solo, solo ya pili, ridhimu, besi. Safu ya kwanza imejaa. Tatu zilizobaki ni tupu kwa pande zote 36 nilizonazo hadi leo, na nimeanza kuzisikiliza upya moja baada ya nyingine nikimwacha Mbaraka makusudi. Kazi imekuwa mara nne, na sina haraka nayo.

Tayari nasikia kwamba aliyejibu kwenye namba 9 ndiye anayejibu kwenye namba 4 na namba 7. Ana tabia ya kuchelewa nusu pigo na kuudhibiti uzi kwa kiganja, noti zinatoka fupi kama zimekaushwa. Kwenye santuri za Super Volcano hayupo. Basi alibaki Morogoro Jazz mwaka 1973, au alikwishaacha muziki. Hilo nalo ni msumari.

25 Mei

Kuhusu kugawa. Nimeulizwa na ndugu wawili watatu niwatumie faili zote. Sitaweka nyimbo hizi hadharani. Sheria yetu inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, maana yake hadi mwisho wa 2029 kwa Mbaraka, na warithi wapo. Anayekuja nyumbani nampigia, chai ipo.

Orodha yenyewe, pamoja na namba za ukingoni na majina ya wapigaji nitakayoyapata, hiyo ni ya yeyote anayeitaka.

7 Juni

Siku za Iddi ya kuchinja, nyumba imejaa, naandika kwa kujibanza jikoni.

Nimemaliza kaseti tatu za mzee. Kichwa cha deki, kile kinachosoma mkanda, nilikisogeza skrubu kidogo kidogo mpaka sauti kali zikafunguka, kila kaseti kwa nafasi yake, kwa sababu kila mashine iliyorekodi ilikuwa imelala pembe yake. Mbili ni nyimbo ninazo. Ya tatu, upande B, ni namba 9 lakini si ya santuri. Mwendo ni wa taratibu zaidi, saksafoni inaingia mapema, na mwishoni sauti ya mtangazaji inaingia juu ya magitaa. Ni toleo la redio. Na humu, pengine kwa sababu ya namna maikrofoni zilivyowekwa studioni kwao, gitaa la pili liko mbele, sawasawa na la Mbaraka. Mazungumzo yao yanasikika yote. Mbaraka anapouliza kwa mara ya nne anacheka kwa nyuzi, anatoa noti mbili za kumtania, na yule anajibu kwa kutopiga kitu, anaacha pigo zima likapita, halafu ndipo anateremka.

Hapo panasitwa mara mbili. Baba hakuwa amekosea. Alikuwa anaikumbuka hii.

Nimeandika barua ya kuomba kusikiliza kanda za Morogoro Jazz kwenye maktaba ya redio ya taifa, nikitaja wimbo na maneno ya mtangazaji jinsi yalivyo kwenye kaseti, nitaipeleka Jumatatu kwa mkono. Jumamosi ya tarehe 14 narudi Mwembesongo. Nabeba spika kubwa, kaseti yake, sukari, na picha moja ya Baba ya mwaka 1971 akiwa na vijana watatu nje ya ukumbi, mmoja wao ameshika gitaa na kiganja chake kimelala juu ya nyuzi.